Kupika vya Krismasi na watoto wadogo: biskuti, mipira ya tende na sahani ya matunda

Mtoto wa miaka 3 anaposimama mbele ya bakuli la unga, biskuti hazimo akilini mwake. Anautaka unga wenyewe: aushike, auchote, aumimine, aone unavyoruka, na akipata upenyo aulambe. Mzazi naye anataka biskuti 30 zilizonyooka kabla jua halijazama. Mapishi mengi ya Krismasi yanayofanywa pamoja na watoto huharibikia hapo, katika haja mbili zisizokutana, hata kama vipimo vya sukari na siagi vilikuwa sahihi. Kwa hiyo mwongozo huu utaeleza mapishi matatu mepesi, lakini utakaa zaidi kwenye mgawanyo wa kazi, yaani yale ambayo mtu mzima huyamaliza kabla mtoto hajaitwa jikoni, na yale anayoachiwa mtoto kabisa, ambayo hata akiyakosea chakula kitalika.

La kwanza kuamua ni siku. Krismasi yenyewe haifai, kwa kuwa jiko huwa limejaa sufuria za moto na watu wenye haraka. Chagua siku mbili katika wiki inayotangulia, saa ambayo mtoto amekwisha kula na hajaanza kusinzia, kisha panga pishi moja tu kwa kikao kimoja. Mtoto wa miaka 3 hudumu kwenye kazi moja kwa dakika 10 au 15, na wa miaka 6 huenda akafika nusu saa, ilhali biskuti zinahitaji kukandwa, kupumzishwa, kukatwa, kuokwa, kupozwa na kupambwa. Ukiyafanya yote hayo kwa mfululizo, utaishia kupamba peke yako huku mtoto akilia chini ya meza. Afadhali donge likandwe leo jioni, likatwe na kuokwa kesho asubuhi, na mapambo yangoje hadi alasiri. Donge lililofunikwa vizuri hukaa kwenye friji siku 2 bila kuharibika, na biskuti zilizookwa hukaa zaidi ya hapo.

La pili ni kujua mikono ya mtoto inaweza nini. Mwenye miaka 2 anaweza kuosha matunda, kumimina kilichokwisha kupimwa, kukoroga na kunyunyiza. Mwenye miaka 3 au 4 huongeza kusugua siagi kwenye unga kwa vidole, kubonyeza vikatio vya biskuti na kuviringisha vitu viganjani. Kuanzia miaka 5 mtoto anaweza kusoma tarakimu za mizani, kusukuma donge, kukata ndizi kwa kisu butu cha kupakia siagi, na kubana mfuko wa mapambo. Oveni, jiko, maji yanayochemka na sukari iliyoyeyushwa motoni ni vya mtu mzima peke yake, na hili lisemwe wazi mwanzoni kabla ya kitu chochote kuwashwa. Sukari inayoyeyuka kuwa karameli hupita nyuzi 150 za Selsiasi na hunata kwenye ngozi, kwa hiyo pishi lolote la karameli lisubiri watoto wakiwa wamelala.

Kabla hujaita mtu, pima kila kitu na ukiweke katika bakuli lake dogo. Ukimwachia mtoto wa miaka 3 kupima, utapata unga mwingi sakafuni na kipimo usichokijua. Akikuta viungo vimekwisha kupimwa, atavimimina vyote kwa fahari na pishi halitayumba. Chukua bakuli kubwa na pana, ambalo viungo vyote vikiingia hufika nusu yake tu, uliweke juu ya kitambaa chenye unyevu ili lisiteleze, na kitambaa kikae ndani ya trei yenye kingo, ambayo itapokea unga unaoruka. Meza iwe ya kimo cha mtoto, au mtoto asimame kwenye kigoda kipana kisichocheza. Visu viondolewe, nywele zifungwe, mikono mirefu ya nguo ikunjwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20. Mimi huweka pia kitambaa kimoja cha kufutia kwa kila mtoto, kwa sababu nimekwisha kuona ugomvi ukianzia kwenye kitambaa kuliko kwenye sukari.

Biskuti za kukata

Uwiano rahisi kuliko yote ni wa 1, 2 na 3: sehemu 1 ya sukari, 2 za siagi na 3 za unga wa ngano, zote kwa uzito. Chukua basi gramu 100 za sukari, gramu 200 za siagi iliyo baridi na gramu 300 za unga wa kawaida usiotiwa hamira wala baking powder. Ongeza chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, na ikiwa unataka nyumba inukie sikukuu, kijiko 1 cha chai cha mdalasini wa unga, nusu kijiko cha tangawizi ya unga na karafuu ya unga kidogo sana, kwa kuwa karafuu ikizidi hufunika vingine vyote na watoto huikataa. Donge hili halina yai wala kitu cha kuumua, na ndiyo maana linafaa: nyota ikiingia ovenini hutoka ikiwa nyota, haisambai ikawa duara.

Kata siagi vipande vidogo kama dado, uvitie ndani ya unga, kisha waache watoto wavisugue kati ya ncha za vidole na unga mpaka mchanganyiko ufanane na chenga za mkate. Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika pishi zima, na haihitaji ustadi. Waambie wainue unga juu na kuuacha uanguke, badala ya kuukamua kwenye ngumi. Mikono yao ina joto na siagi itaanza kulainika. Usijali, kwa sababu friji itarekebisha baadaye. Sukari na viungo vya harufu vifuate, kisha wewe mwenyewe ukusanye mchanganyiko kwa kuubana hadi ushikane. Ukikataa kushikana, ongeza kijiko 1 cha chai cha maziwa, si zaidi. Koma hapo. Ngano inayokandwa sana hujenga gluteni, ile protini inayovuta kama mpira, ambayo hupendeza kwenye mkate lakini huifanya biskuti kuwa ngumu na kuikunja inapookwa.

Sasa gawa donge mara mbili. Sehemu kubwa ifunike na kuiweka kwenye friji kwa dakika 30, na sehemu ndogo mwachie kila mtoto kipande chake cha kuchezea, akifinye, akiviringishe na kukisukuma mara 20 akitaka. Tangu nilipoanza kutoa kipande hicho cha mchezo, hakuna anayeligusa donge la biskuti zenyewe kabla ya wakati wake. Kitaokwa pia mwishoni, kitakuwa kigumu kama kigae, na aliyekitengeneza atakila kwa furaha.

Hapa mtoto atataka kuonja, na wazazi wengi huruhusu kwa kuwa hakuna yai. Hilo ni kosa la kawaida. Unga wa ngano ni mbichi kama yai lilivyo bichi, kwa sababu nafaka husagwa bila kupikwa, na huweza kubeba bakteria kama Salmonella na E. koli, ambao hufa kwa joto la oveni tu. Badala ya kukemea kila dakika, weka kando bakuli la kuonjwa lenye vipande vya tunda au biskuti zilizookwa jana, na umweleze kwamba mpishi huonja kutoka bakuli hilo.

Donge likitoka kwenye friji liache dakika chache lilainike kidogo, kisha lisukume kati ya karatasi mbili za kuokea, ambazo huzuia kunata bila kuongeza unga mwingine. Unene unaofaa ni milimita 5. Mtoto wa miaka 5 anayesukuma mwenyewe hubonyeza upande mmoja kuliko mwingine. Mwekee miiko miwili ya unene huo kulia na kushoto kwa donge, ili mti wa kusukumia upite juu yake na usiweze kushuka zaidi. Vikatio vichovywe katika unga kila mara. Na jambo moja ambalo hakuna mtoto hulijua asipoonyeshwa ni kwamba kukata huanzia ukingoni. Mtoto aliyeachwa peke yake huweka nyota yake katikati kabisa ya donge, akalipoteza lote kwa biskuti moja. Muonyeshe jinsi maumbo yanavyokaa bega kwa bega. Mabaki hukusanywa na kusukumwa tena mara 1 au 2, lakini kila mara hukakamaa zaidi, kwa hiyo biskuti za mkato wa kwanza ndizo za kugawia watu. Vikatio vyenye mikono na miguu myembamba huudhi watoto wadogo kwa sababu viungo hukatika. Nyota nene, mti, kengele na moyo ni rahisi zaidi, na mdomo wa glasi unatosha kwa asiye na vikatio.

Ukitaka biskuti za kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi, toboa kila moja kwa mrija kabla ya kuoka, sentimita 1 kutoka ukingoni. Watoto hupenda kazi hii kupita kiasi, basi simama karibu, la sivyo utapata nyota zenye matundu kama chujio.

Panga zinazolingana kwa ukubwa katika trei moja, uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12, mpaka kingo zianze kupata rangi ya dhahabu. Katikati zitakuwa bado laini ukizigusa. Zitoe hivyo hivyo, kwa kuwa hukauka zinapopoa. Watoto wakae hatua kadhaa mbali na mlango wa oveni unapofunguliwa. Mimi hutandika taulo sakafuni na kuliita gati, na hakuna anayetoka gatini hadi mlango ufungwe. Trei ya moto haikai ukingoni mwa meza, na mikono ya sufuria zilizo jikoni huelekezwa ukutani. Mtoto akiungua licha ya yote hayo, ipoze sehemu hiyo kwa maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, siagi wala dawa ya meno, na apelekwe kwa mtaalamu wa afya ikiwa jeraha limepita ukubwa wa kiganja chake, lina malengelenge, au liko usoni, mikononi au kwenye kiungo.

Mapambo

Biskuti ni lazima ziwe zimepoa kabisa, ama sivyo rojo la sukari litayeyuka na kumwagika. Rojo lenyewe ni gramu 150 za sukari ya unga, ile laini kama poda inayotumika kwenye keki, na kijiko kimoja na nusu cha chakula cha maji au maji ya limau, yakiingizwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Maji huzidi upesi kuliko unavyodhani. Inua kijiko na utazame utepe unaodondoka: ukipotea mara tu unapogusa rojo, ongeza sukari, ukionekana kwa sekunde 10 hivi kisha ukazama, rojo liko tayari. Rangi hupatikana jikoni bila kununua chupa: maji ya bitiruti badala ya sehemu ya maji hutoa waridi hadi wekundu, bizari ya manjano ya ncha ya kijiko hutoa rangi ya jua, na maji ya mchicha uliosagwa na kuchujwa hutoa kijani ambacho ladha yake hufunikwa na sukari.

Kwa mwenye miaka 5 na zaidi, tia rojo katika mfuko mdogo safi wa plastiki, ufunge juu kwa fundo na ukate pembe moja, tundu dogo kuliko unavyofikiri linafaa. Mdogo kuliko huyo mfuko humshinda na rojo hutokea juu badala ya chini. Mpe kijiko cha chai au brashi safi apake. Usimpe kila mtoto trei nzima. Biskuti 4 kwa kila mmoja zinatosha kwa mara ya kwanza, na mapambo ya kunyunyiza yawe kiasi cha kijiko 1 katika kibakuli chake mwenyewe, kwa sababu mtoto humwaga kilichopo chote juu ya biskuti ya kwanza. Punje za sukari za rangi, nazi iliyokunwa na kukaushwa na vipande vidogo vya matunda makavu vinafaa. Vile vipira vigumu vya rangi ya fedha na pipi ngumu viache, vinasumbua meno na vinaweza kumpalia mtoto.

Hapa ndipo mtu mzima hujaribiwa. Mti wa Krismasi utapakwa waridi, nyota itakuwa na macho matano, na mkono wako utataka kurekebisha. Uzuie. Ukitaka biskuti nzuri za kuweka mezani mbele ya wageni, tenga 10 za kwako, uzipambe usiku. Ukirekebisha ya mtoto mbele yake, kazi imekuwa yako tena na atashuka kigodani. Rojo hukauka kwa saa 2 au zaidi. Biskuti zisirundikwe kabla ya hapo.

Mipira ya theluji isiyohitaji oveni

Kwa nyumba isiyo na oveni, au kwa siku ambayo hutaki moto jikoni, tende zinatosha. Chukua gramu 200 za tende, uzipasue kila moja kwa mkono na kutoa kokwa, hata kama pakiti inasema hazina, kwa maana kokwa moja iliyosahauliwa inaweza kuvunja jino. Ziloweke kwa dakika 10 katika maji ya moto, kazi ya mtu mzima, kisha zichuje vizuri. Zikipoa, watoto waziponde kwa uma mpaka ziwe ujiuji mzito, waongeze gramu 100 za oti laini, vijiko 2 vya chakula vya kakao na mdalasini kidogo. Mchanganyiko uwe unashikana bila kunata sana; ukinata, ongeza oti kijiko kimoja kimoja na uuache dakika 10 oti zinywe maji.

Kila mtoto alowanishe viganja, aviringishe kipande cha ukubwa wa kokwa la jozi, kisha akigaragaze katika sahani ya nazi kavu, gramu 50 kwa mipira yote 20 hivi. Ile nazi nyeupe ndiyo theluji. Ipoe kwenye friji kwa saa 1. Watakaokula wakiwa chini ya miaka 4 watengenezewe vipande bapa badala ya mipira, na wakae chini wanapokula, maana chakula cha mviringo kinachonata hukwama kooni kwa urahisi. Pishi hili halina maziwa wala yai, jambo linalolifaa kwa mtoto anayedhuriwa na vitu hivyo. Oti, hata hivyo, mara nyingi huchanganyika na ngano kiwandani, kwa hiyo asiyetakiwa kula ngano aandaliwe oti zilizoandikwa kwamba hazina gluteni.

Sahani ya matunda

Hii ni ya dakika 10 na ndiyo ninayowapa wenye miaka 2. Panga zabibu za kijani na vipande vya kiwi katika umbo la mti kwenye sahani kubwa, ndizi iwe shina, stroberi ziwe mapambo. Kila zabibu ikatwe kwa urefu iwe vipande 4, kwa kuwa zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula vinavyowapalia watoto wadogo mara nyingi, na tufaa likitumika likatwe vipande vyembamba sana. Karanga, lozi na korosho nzima hazifai chini ya miaka 5, na asali haitolewi kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hata ndani ya kitu kilichookwa, kwa hatari ya sumu ya botulini. Vijiti vyenye ncha visitumike. Matunda yakae kwenye sahani. Ndizi na tufaa hupakwa maji ya limau ili zisigeuke rangi.

Biskuti zitakazogawiwa majirani na ndugu zikae katika kopo linalofunga vizuri, tabaka moja moja, karatasi ikiwa katikati, nazo hudumu wiki 1 bila kulainika. Mipira ya tende iwe katika chombo chake kwenye friji, na iliwe ndani ya siku 5; ikiwekwa kopo moja na biskuti, unyevu wake huzilainisha kwa usiku mmoja. Juu ya kila kopo bandika karatasi yenye majina ya viungo vyote, maziwa na ngano vikitangulia, na nafasi iachwe chini yake ili mtoto aandike jina lake, au kama bado hajui kuandika, achovye kidole katika rojo la waridi lililobaki na kukibandika hapo.